Kuiga maji na ioni kwenye uso wa udongo: mwongozo kamili, kuanzia bilauri hadi kompyuta

Mvua kubwa zikinyesha bara, bahari ya Malindi hubadilika rangi. Mto Sabaki, unaomwaga maji yake kaskazini kidogo ya mji, hushusha tope jekundu, na ukisimama ufukweni unaona maji yamekuwa kama chai ya maziwa. Tope hilo limebebwa mamia ya kilomita likielea. Likikutana na chumvi, chembe zake zinashikana, zinakuwa mabonge, zinazama. Ni kweli kwamba mkondo nao hupungua kasi mdomoni mwa mto, lakini hiyo haielezi kila kitu. Sababu nyingine imejificha katika nanomita chache za maji yanayogusa uso wa kila chembe ya udongo, na hizo nanomita chache ndizo tutakazoziiga hapa.

Nakuchukulia kuwa umesoma kemia na fizikia ya kidato cha sita, logi na eksponenti hazikutishi, na una kompyuta ya kawaida. Nina msimamo mmoja ambao nitaung'ang'ania: usifungue programu ya kuiga molekuli, ile inayofuata mwendo wa kila atomi kwa kompyuta, kabla hujafanya hesabu ya karatasi. Mimi niliiruka nikapoteza wiki nzima. Kisa chenyewe kiko mbele.

Hatua ya 1: Bilauri mbili

Chota udongo mfinyanzi, uvuruge kwenye maji ya mvua, acha mchanga utulie kwa dakika chache, kisha mimina maji ya tope yaliyo juu kwenye vyombo viwili vya nusu lita. Kimoja kiache kama kilivyo. Kingine tia kijiko kimoja cha mezani cha chumvi, yaani gramu 17 au 18, ukoroge. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, kwa hiyo umeikaribia. Viweke dirishani. Chombo chenye chumvi kitaanza kuonyesha vibonge na maji yake yatang'aa juu. Kile kingine kinaweza kubaki na ukungu mpaka kesho yake.

Usidharau hatua hii. Bila swali lililo mbele ya macho yako hutajua lini modeli yako imetosha, utaendelea kuiongezea vikorombwezo tu. Swali letu ni hili: chumvi imebadilisha nini kwenye uso wa chembe?

Hatua ya 2: Tafuta chaji ya uso

Tuchukue montmorillonaiti, aina ya udongo mfinyanzi inayovimba ikilowa. Ni rundo la karatasi za silika na alumina, kila karatasi ina unene wa nanomita 1 hivi. Ndani ya karatasi, baadhi ya nafasi za alumini yenye chaji +3 zimekaliwa na magnesi yenye +2. Kila nafasi ya namna hiyo inaacha upungufu wa chaji moja chanya, na uso mzima unabaki hasi. Kwa kuwa upungufu umo ndani ya fuwele yenyewe, kubadilisha pH hakuuondoi. Kingo za karatasi zina tabia nyingine kabisa, tuziache kwanza.

Wataalamu wa kilimo wameshakupimia unachohitaji. Uwezo wa udongo huu kubadilishana ioni chanya ni karibu milimoli 1 ya chaji kwa gramu, na eneo la nyuso zake zote ni karibu mita za mraba 750 kwa gramu. Fanya hesabu:

0.001 × 96,485 = kulombu 96.5 kwa gramu
96.5 ÷ 750 = kulombu 0.13 kwa mita ya mraba

Ni sawa na elektroni 0.8 kwa kila nanomita ya mraba. Iandike namba hii mahali utakapoiona, tutairudia mara nyingi.

Hatua ya 3: Pima unene wa wingu

Uso hasi unavuta ioni chanya, joto linazitawanya. Matokeo yake ni wingu la ioni lililo zito karibu na uso na linalofifia kadiri unavyokwenda mbali. Mfaransa Louis Georges Gouy alilieleza kwa hesabu mwaka 1910, na Mwingereza David Chapman mwaka 1913. Unene wa wingu unapimwa kwa urefu wa Debye. Kwa chumvi ya aina ya sodiamu kloridi katika nyuzi joto 25, kanuni yake inaingia kiganjani:

urefu wa Debye (nanomita) = 0.304 ÷ √c

ambapo c ni ukolezi wa chumvi kwa moli kwa lita. Weka namba zako. Maji ya mto yenye moli 0.001 yanakupa nanomita 9.6. Mahali mto na bahari vinapoanza kuchanganyika, tuseme moli 0.04, unapata 1.5. Bahari yenyewe, moli 0.7, unapata 0.36.

Hapa nusu ya swali la bilauri imeshajibika. Chembe mbili zenye mawingu manene zinasukumana zikiwa bado mbali. Chini yake kuna mvuto wa van der Waals, ambao una nguvu karibu tu na uso na ambao chumvi haiugusi sana. Chumvi ikibana wingu, chembe zinasogeleana kiasi cha mvuto huo kuzinasa. Derjaguin na Landau walilipanga wazo hili mwaka 1941, Verwey na Overbeek wakalichapisha kwa upana mwaka 1948, na herufi zao za kwanza ndizo zilizoipa nadharia jina la DLVO. Angalia pia kwamba wingu limeshabanwa sana hata kabla ya bahari kamili; kutoka 9.6 hadi 1.5 ni safari ndefu kuliko kutoka 1.5 hadi 0.36. Usishangae basi tope likianza kugandamana pale maji yanapoanza tu kuonja chumvi.

Tahadhari moja: maji ya mto mara nyingi yana kalsiamu na bikaboneti, na kanuni hiyo inataka nguvu ya ioni, siyo ukolezi mtupu. Zidisha ukolezi wa kila ioni kwa mraba wa chaji yake, jumlisha zote, gawa kwa mbili. Milimoli 0.5 za kalsiamu na 1 ya bikaboneti zinatoa 1.5, kwa hiyo c ni 0.0015 na wingu ni nanomita 7.8.

Hatua ya 4: Tafuta potenshali ya uso

Mlinganyo wa Grahame, wa mwaka 1947, unaunganisha chaji na potenshali. Katika nyuzi 25, kwa chumvi ya chaji moja moja:

chaji = 0.117 × √c × sinh(potenshali ÷ 51.4)

Chaji iko kwa kulombu kwa mita ya mraba, potenshali kwa milivolti. Kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, mistari hii inatosha:

```
import numpy as np
chaji = -0.13
for c in [0.001, 0.04, 0.7]:
    psi = 51.4*np.arcsinh(chaji/(0.117*np.sqrt(c)))
    ioni = c*np.exp(-psi/25.7)
    print(c, 0.304/np.sqrt(c), psi, ioni)
```

Safu ya mwisho ni ukolezi wa ioni chanya pale pale usoni. Utapata karibu hasi 219 mV kwa mto na hasi 56 mV kwa bahari. Ukolezi usoni ni karibu moli 4.9 kwa lita mtoni, na zaidi ya 6 baharini.

Ukitaka kuona potenshali inavyoshuka kwa umbali x, tumia suluhisho la Gouy na Chapman: gawa potenshali ya uso kwa 103 (yaani mara nne ya 25.7), chukua tanh yake, izidishe kwa exp(−x ÷ urefu wa Debye), kisha rudi kinyumenyume kwa arctanh na uzidishe kwa 103. Chora mistari mitatu kwenye karatasi moja. Mchoro huo utakufundisha zaidi ya ukurasa wa maneno yangu.

Hatua ya 5: Yatilie shaka majibu yako

Wanafunzi wengi huishia hatua ya nne wakapiga makofi. Tukague.

Sodiamu kloridi hushiba kwenye maji ikifika moli 5.4 hivi kwa lita. Modeli yetu inadai kuwa usoni, baharini, kuna zaidi ya 6. Imesahau kwamba ioni zina miili. Inazichukulia kuwa nukta zinazoweza kurundikana bila kubanana. Halafu wingu la bahari ni nanomita 0.36 wakati molekuli moja ya maji ina upana wa 0.28. Tunaongea kuhusu wingu lenye unene wa molekuli moja na kidogo, huku hesabu ikiyachukulia maji kuwa kitu laini kisicho na chembechembe, chenye kipimo cha dielektriki (yaani mara ngapi maji yanapunguza nguvu za umeme kati ya chaji) cha 78 kila mahali. Hilo nalo halisimami. Mwaka 2018 watafiti wa Manchester walipima maji yaliyobanwa kwenye nafasi ya nanomita moja hivi, wakakuta kipimo hicho, kwa upande ulio wima kwa uso, kimeporomoka hadi karibu 2.

Kipimo cha maabara kinatoa ushahidi mwingine. Chembe za udongo zikisukumwa na umeme ndani ya maji unaweza kupata potenshali ya zeta, yaani ile iliyo pale maji yanapoanza kuteleza. Kwa udongo kwenye maji yenye chumvi kidogo, huwa ni makumi machache ya milivolti. Tuseme hasi 40. Irudishe kwenye mlinganyo wa Grahame kwa c ya 0.001: unapata kulombu 0.0032 kwa mita ya mraba. Gawa kwa 0.13. Ni asilimia 2.4!

Simama kidogo kwenye namba hiyo. Kama uso una chaji 0.13 na wingu linaloweza kutembea linahesabu 0.0032 tu, zaidi ya asilimia 97 ya chaji imeshafutwa na ioni zilizoganda karibu na uso, kabla ya mahali maji yanapoteleza. Otto Stern alilipa tabaka hilo nafasi yake kwenye nadharia mwaka 1924. Kwa hiyo rekebisha modeli: weka tabaka la Stern lenye unene wa nanomita 0.3 hadi 0.5 ambamo ioni zimekwama, na uanzishe Gouy na Chapman nje yake ukitumia zeta badala ya chaji ya fuwele. Kwa kazi nyingi za maji ya mto, hapo umemaliza. Funga daftari.

Hatua ya 6: Amua kama kweli unahitaji kuiga molekuli

Kabla hujajibu, hesabu ioni. Kasha la kawaida la uigaji wa udongo, yaani kisanduku cha kubuni ambamo atomi zote hukaa, lina uso wa nanomita 4.2 kwa 3.6, ambao ni nanomita za mraba 15, na maji yenye unene wa nanomita 8. Ujazo wa maji ni nanomita za ujazo 120, na ndani yake zinaingia molekuli 4,000 hivi za maji. Kwa chumvi ya bahari, zidisha 120 × 0.6022 × 0.7: jozi 50 za sodiamu na kloridi. Safi kabisa. Kwa chumvi ya mto, 120 × 0.6022 × 0.001: jozi 0.07.

Sifuri nukta sifuri saba. Huwezi kuweka ioni robo, seuze hiyo. Ili upate jozi kumi tu za chumvi ya mto ungehitaji kasha zaidi ya mara mia kwa ukubwa, na kompyuta yako ingekulaani. Hii ndiyo sababu ya kung'ang'ania karatasi: mto, ambako wingu ni nene na ioni ni chache, ni mahali pa penseli; bahari, ambako wingu ni jembamba na ioni zimejaa, ni mahali pa molekuli. Watu wengi huanza kinyume, wanaiga mto kwa molekuli na kuieleza bahari kwa Debye.

Hatua ya 7: Jenga kasha

Programu mbili za bure zinatosha: LAMMPS na GROMACS. Chukua muundo wa fuwele, rudia kipande chake cha msingi mara 8 kwa 4 upate karatasi moja yenye vipande 32, kisha badilisha alumini 24 kuwa magnesi. Kwa nini 24? Chaji 24 kwa nyuso mbili zenye nanomita za mraba 15 kila mmoja ni 0.8 kwa nanomita ya mraba, namba ile ile ya hatua ya 2. Zitawanye magnesi zisikae mbili jirani.

Kani za udongo, yaani kanuni za jinsi atomi zake zinavyovutana na kusukumana, zichukue kutoka ClayFF, seti iliyochapishwa na Cygan na wenzake mwaka 2004. Imejengwa sambamba na modeli ya maji ya SPC. Wengi hutumia SPC/E, toleo lake lililorekebishwa, na inakubalika. Usiichanganye na modeli ya maji yoyote uliyoikuta njiani. Kila modeli ya maji ina dielektriki yake, SPC/E ikiwa na 71 hivi badala ya 78, na kani za ioni hutungwa zikiwa na maji fulani akilini. Kwa sodiamu na kloridi, seti ya Joung na Cheatham ya 2008 ina toleo la SPC/E.

Jaza maji, tia jozi 50 za chumvi, kisha ongeza sodiamu 24 za kufuta chaji ya udongo. Sasa jumlisha chaji zote za kasha. Jibu liwe sifuri, si karibu na sifuri.

Wiki yangu iliishia hapo. Nilisahau sodiamu mbili. Njia za kukokotoa kani za umeme za masafa marefu, PME na PPPM, hazikuzuii kuendelea ukikosea hivyo: kimahesabu zinafanya kama vile kuna chaji ya upande wa pili iliyotandazwa sawasawa kila mahali, hata ndani ya udongo. Programu ilitoa onyo la mstari mmoja nami nikalipita kama mtu anavyopita kibao cha "mbwa mkali". Siku saba baadaye, potenshali katikati ya maji ilikuwa imepinda kama upinde.

Hatua ya 8: Endesha

Punguza nishati kwanza, maana molekuli zilizopandana zitalipua kasha. Pasha joto hadi kelvini 298 polepole. Ruhusu unene wa kasha ubadilike chini ya shinikizo la atmosfia 1 kwa nanosekunde moja au mbili, kisha ufunge. Hatua ya muda iwe femtosekunde 1, na hadi 2 ikiwa molekuli za maji zimefungwa zisinyooke wala kupinda na haidrojeni za udongo nazo zimedhibitiwa. Kama udongo unajirudia pande zote na nyuso zake mbili zinafanana, huna haja ya marekebisho ya Yeh na Berkowitz kwenye hesabu ya kani za umeme. Ukiwa na ombwe juu ya maji, unayahitaji.

Nanosekunde 20 ni chini kabisa. 100 zinatia moyo. Hifadhi faili za kuendeleza kila baada ya muda mfupi, hasa kama umeme wa mtaani kwenu una tabia kama ya kwetu.

Hatua ya 9: Soma matokeo

Kata maji kwa vipande vya unene wa nanomita 0.01 sambamba na uso, uhesabu wastani wa oksijeni, sodiamu na kloridi katika kila kipande. Utaona maji yamejipanga kwa matuta, tuta hadi tuta nanomita 0.3 hivi, yakifa baada ya nanomita moja kutoka usoni. Hakuna mstari laini hapo kama ule wa hatua ya 4.

Kisha tazama sodiamu. Mara nyingi utakuta matuta mawili: moja la ioni zinazogusa oksijeni za udongo moja kwa moja, jingine la ioni zilizobaki na koti lao zima la maji. Uwiano wa matuta haya ndio unaobadilika sana kati ya seti moja ya kani na nyingine, kwa hiyo usiuandike kama ukweli wa maumbile kabla hujajaribu seti ya pili. Wapo wanaopunguza chaji za ioni hadi 0.75 ya kawaida, kufidia mwitikio wa elektroni ambao modeli hizi hazina. Jaribu, utaona ioni zikilegeza mshiko.

Ukaguzi ninaofanya kila mara, bila kuruka: profaili za uso wa juu na wa chini zifanane, nusu ya kwanza na ya pili ya muda zifanane, katikati ya maji sodiamu na kloridi ziwe sawa, na ukolezi wake uupime pale, kwa sababu hautakuwa lazima 0.7 uliyokusudia. Mwisho, potenshali iwe tambarare katikati. Ikilingana na Gouy na Chapman nje ya nanomita ya kwanza, tulia.

Ioni za chaji nyingi, na shabu

Bahari ina magnesi nyingi pia, na utashawishika kuiongeza. Ongeza, lakini jua kwamba magnesi hushika maji yake kwa muda wa kiwango cha mikrosekunde. Katika nanosekunde 100 haitalivua koti hata mara moja, kwa hiyo mahali ulipoiweka mwanzoni ndipo utakapoikuta, na "matokeo" yako yatakuwa mkono wako mwenyewe. Anzisha kasha kadhaa, kila moja na mpangilio tofauti, ulinganishe.

Kwa nadharia ya DLVO, pale potenshali ya uso inapokuwa kubwa, chumvi inayotosha kugandisha tope hupungua kwa chaji ya ioni iliyopandishwa kipeo cha sita. Ioni ya chaji mbili inatosha kwa sehemu 1 ya 64 ya ile ya chaji moja, na ya chaji tatu kwa sehemu 1 ya 729. Wanaosafisha maji ya kisima kwa shabu watakwambia wanajua hilo siku nyingi, kwani shabu ina alumini. Rudi kwenye bilauri, andaa ya tatu, tia punje ya shabu badala ya chumvi, uone.

Ila usiibebe alumini hiyo ukaiingiza kwenye kasha la hatua ya 7 kama mpira wenye chaji +3. Ikiingia majini inaachia haidrojeni za maji yanayoizunguka na kujenga hidroksidi, yale mawingu meupe yanayobeba tope kwenda nalo chini. Kani za ClayFF zilivyo kawaida hazivunji wala haziungi vifungo vya aina hiyo. Zinazoweza ni hesabu za kwantamu, zenye atomi mamia tu na pikosekunde makumi. Kwa bilauri ya tatu, hatua ya 3 na ya 5 ndizo zitakazokufikisha mbali zaidi kwa kompyuta uliyo nayo.